Safura kwa Dresa Thomasi
Miaka ile Mwingereza alipokuwa bado na bendera yake bomani Arusha, dresa Thomasi alifunga vidonda na kugawa kwinini katika zahanati moja magharibi ya mji. Watu walimwita daktari, naye hakuwasahihisha. Kila Jumatano aliwakusanya akina mama nje akawahubiria, soksi zimempanda hadi magotini.

Jumatano moja Nosim alifika kutoka Elerai na binti yake wa miaka sita, Sinyati. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe, uso umevimba, na akitembea kidogo anahema. Tena alikuwa akila udongo.

"Shikamoo, daktari. Mtoto hana damu."

Thomasi alimfunua kope, akawageukia wanawake. "Mnaona? Maziwa anauza mjini, mtoto anamlisha uji mtupu! Uchoyo huo!"

Wanawake walicheka, wengine kwa kumwogopa. Nosim aliona uso ukimwaka. "Maziwa anakunywa kila siku. Na tukichinja, anakula nyama."

"Nenda kamlishe, mama," Thomasi alisema. "Anayefuata!"

Mwezi uliofuata alikuja Mikidadi, mpimaji wa maabara kutoka mjini, na darubini yake ndani ya sanduku. Alitaka choo cha kila mtoto asiye na damu. Wa kwanza kuleta alikuwa Nosim. Wa pili alikuwa mke wa Thomasi mwenyewe, amemshika mkono binti yao, mweupe viganjani vilevile.

"Rudi nyumbani," Thomasi alimnong'oneza. "Mtoto wetu anakula mayai."

"Na udongo pia anakula," mkewe alijibu, kila mtu akasikia.

Mikidadi alipima, akainua kichwa. "Safura, wote wawili. Ni minyoo inayonyonya damu tumboni. Huingilia nyayoni, mtoto akikanyaga peku penye kinyesi. Wagonjwa hapa wanajisaidia wapi?"

Thomasi alianza kupanga chupa zake.

"Choo ni cha daktari, kina kufuli," Nosim alisema. "Sisi hutuambia twende migombani."

Mikidadi akaenda kuangalia. Chini ya migomba alikuta vyungu vya kuchezea na mwanasesere wa gunzi. Binti wa Thomasi alicheza hapo kila siku. Sinyati alicheza naye kila Nosim alipopanga foleni ili mtoto wake mchanga apimwe.

"Migomba si mali ya serikali," Thomasi alisema. Hakuna aliyeelewa hilo lilikuwa jibu la swali gani.

Watoto walipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Miezi mitatu baadaye Sinyati alikuwa akikimbiza mbuzi. Waume wa akina mama walichimba choo cha wagonjwa, na Nosim alingoja kuombwa radhi mpaka akachoka.

Kisha akaja Mzungu wa afya kukagua. Thomasi alisimama mbele ya choo kipya, akaeleza kwa Kiswahili jinsi alivyoigundua safura kwa utafiti wake. Mzungu akampa mkono.

"Daktari," Nosim aliita, "mwambie basi uliigundulia wapi."

Thomasi akahamia Kiingereza.

Nosim hakungoja tafsiri. Alimwambia Sinyati atangulie nyumbani. Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa.