Ribiti za Mzee Leonidas

Nimepaka rangi magari ya watu hapa Sumbawanga kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kurudishiwa kazi. Naanza na hilo makusudi, ili ujue anayezungumza nawe si mbabaishaji. Lile gari la misheni lililopinduka njia ya Kaengesa nililinyoosha mimi Masanja, na padre alipokuja kulichukua alilipita mara mbili akilitafuta. Kwa hiyo nikikuambia kwamba kuna kazi moja iliyonishtua kuliko zote, na kwamba kazi yenyewe ilienea ndani ya boksi la viatu, usicheke kwanza.

Walioileta walikuwa mume na mke. Mzee Leonidas nilimfahamu kwa sura tu: Mfipa mrefu, mstaafu wa jeshi, mtu wa kuvaa koti zito hata jua likiwaka. Mkewe, Mama Otilia, ndiye aliyebeba boksi, kwa mikono miwili na kwa uangalifu wa kubeba mayai. Nikadhani wameniletea taa ya gari iliyovunjika. Alipofunua nikaona ndege ya kivita, ya plastiki ya kijivu, pua kali, mabawa yamerudi nyuma, urefu wa rula ya mwanafunzi.

Nilipigwa na butwaa. Nikauliza kama ni ya mjukuu, na uso wa mzee ukabadilika palepale. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayejizuia, kwamba alikuwa fundi wa ndege jeshini miaka ishirini na miwili, na kwamba ndege za namna hii alizifungua na kuzifunga mpaka akazijua kuliko nyumba yake. Binti yao Marsiana, nesi huko Dar es Salaam, ndiye aliyemnunulia boksi la vipande zaidi ya mia vya kuunganisha kwa gundi. Kuviunganisha kumemchukua miaka miwili. Vipande vilikuwa vikaidi: bawa halikukutana na mwili, mkia ulikuja umepinda, ikabidi akate, achonge, akande kwa maji ya moto, avunje, aanze upya. Sasa ilibaki rangi tu, na mikono ndiyo hiyo imeanza kutetemeka. Akainyanyua kunionyesha, nami nikaona jinsi vidole vilivyokuwa vinacheza.

Mzee alipokwenda kuchungulia kompresa yangu, Mama Otilia akanisogelea. Alisema mumewe ana ugonjwa wa kusahau. Juzi kwenye simu alimwita Marsiana kwa jina la dada yake mwenyewe, marehemu, na Jumapili alipotea njia ya kutoka kanisani, njia ya miaka thelathini. Daktari amewaambia itazidi.

"Anataka aione imekamilika akiwa bado anaijua," alisema. "Usitucheleweshe, baba."

Nikamwahidi wiki mbili. Masharti ya mzee yalikuwa mafupi: kijani juu, buluu ya mbingu chini, mikono mitatu myembamba, yaani rangi ipite mara tatu, nyepesi. "Rangi tu, fundi," aliniambia akiwa anatoka. "Usiongeze kitu."

Sasa mimi nina tabia moja, naijua, na mke wangu anaijua zaidi. Sipendi mteja anifundishe kazi. Nilitikisa kichwa nikaitikia ndiyo mzee, huku moyoni nauliza fundi ni nani hapa.

Lakini mjinga sikuwa. Ndani ya boksi kulikuwa na mabaki ya fremu zilizoshika vipande, nikachukua kijiti kimoja nikakidondoshea thina ya kuzimulia rangi ya gari. Kikalegea, kikajikunja, kikageuka ute mbele ya macho yangu. Nilishtuka hasa. Ningeipulizia ndege ile rangi ya gari, ningewarudishia uji. Nikaenda kutafuta rangi ya maji, nikaichuja kwa soksi nyepesi ya kike, nikajaribu kwenye kijiti kingine, ikakaa. Nilijisifu siku nzima.

Kesho yake nikavaa miwani, nikaipeleka ndege mlangoni kwenye mwanga, nikaikagua kama ninavyokagua gari. Hapo ndipo nilipoziona alama. Mwili mzima ulikuwa umechanjwa mistari myembamba, na kandokando ya mistari kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, mamia kwa mamia. Tena havikunyooka. Chini ya bawa la kushoto kulikuwa na safu iliyokwenda vizuri, kisha ikapinda na kusongamana kama iliyotobolewa na mlevi.

Kwenye kazi yangu, kitundu kwenye bodi ni ugonjwa. Gari likija na alama, likitoka alama haipo, ndiyo maana ya fundi. Nikamhurumia mzee wa watu. Nilijua, au niliona najua, kilichotokea: mikono imemtetemekea, sindano imemponyoka, ameichubua kazi yake ya miaka miwili na anaona haya kusema. Ndiyo maana akataka rangi tu, nisiongeze kitu. Nikaamua kumfichia aibu bila kumwambia. Tenda wema nenda zako.

Nikachukua puti laini na kijiti cha meno, nikaziba kitundu kimoja baada ya kingine. Kilichofuata ni msasa wa maji, ile namba laini kuliko zote, inayosuguliwa kwa ncha ya kidole. Siku nne. Mwenye gari la Noah aliyekuwa anasubiri zamu yake alinitukana, nikamwambia aende akapake kwa fundi mwingine. Baada ya hapo nikapuliza rangi mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikifunga mlango kila mara kwa sababu upepo wa Julai hapa kwetu unakuja na vumbi la nusu ya Ufipa. Ilipokauka nikapitisha kidole kutoka pua hadi mkia. Hakikukwama popote. Nikaipiga picha nikaituma kwenye kundi letu la mafundi, na mmoja wa Mpanda akauliza kama imetoka kiwandani. Sijawahi kufurahia kazi kiasi kile.

Siku ya kumi na tatu nikavaa shati safi nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwao, mtaa wa Jangwani. Mama Otilia alinipokea kwa kupiga makofi taratibu, salamu ya Kifipa, na mimi nikamwamkia kwa Kiswahili changu cha Kisukuma. Mzee alikuwa amekaa dirishani mbele ya meza tupu. Alikuwa ameipangusa kwa ajili ya ndege.

Nikafunua boksi. Macho yake yakang'aa, akasema kijani ndicho chenyewe, na buluu ndiyo yenyewe, na mimi kichwa kikavimba. Halafu akaichukua, akafumba macho, akapitisha dole gumba juu ya bawa. Likateleza mpaka nchani. Akalirudisha, likateleza tena. Akaigeuza ndege tumbo juu, akapapasa chini ya bawa la kushoto, akapapasa tena pale pale, kwa haraka kidogo, kama mtu aliyekosa funguo mfukoni. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nilikuwa nasubiri sifa.

"Zile alama nimekuondolea zote, mzee," nikamwambia. "Hakuna atakayejua."

Mama Otilia akaweka kiganja mdomoni. Mzee akafumbua macho akauliza alama zipi. Nikamweleza vile vitundu, bado kwa fahari, nikamtajia mpaka namba ya msasa.

"Zile ni ribiti," akasema.

Hakupandisha sauti. Mkewe ndiye aliyenieleza yaliyobaki, akiwa amesimama vilevile. Ribiti ni vile vipini vya chuma vinavyoshikilia bati za ndege, na plastiki ile ilikuja laini, haina ribiti hata moja. Mzee alizitoboa kwa sindano ya kushonea, miezi minane, kila siku baada ya chai mpaka macho yalipochoka. Tena hazikuwa ribiti za ndege yoyote tu. Zilikuwa za ndege moja, aliyoihudumia yeye. Ile safu iliyopinda chini ya bawa la kushoto ilikuwa kiraka alichokipiga mwenyewe juu ya tundu, kambini, juani, akitafuta mahali bati lilipokuwa bado zima, ndiyo maana haikunyooka hata kwenye ndege yenyewe. Na ndege ile ilipaa na kiraka kile, ikamrudisha rubani wake kila mara. Picha hakuna, kikosini kupiga picha ilikuwa marufuku. Karatasi hakuna. Zilikuwa kichwani mwake tu, na kichwa kilipoanza kumwaga vitu, alimwambia mkewe kwamba anazihamishia kwenye plastiki kabla hazijaondoka.

Moyo ulinipiga paa. Nilitamani anitukane, anichape hata kofi, niwe na cha kukasirikia. Siku nne nimekaa nasugua kumbukumbu za mtu kwa msasa, huku napiga mluzi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilijaribu kuyazoa: nikamwomba msamaha, nikamwambia mkono wangu hautetemeki, anielekeze tu, nitazitoboa zote upya, hata ikichukua mwaka.

Mzee alikubali mara moja. Alikaa vizuri, sauti ikawa ya mkuu wa karakana, akamwagiza mkewe sindano. Nikaishika. Akaiweka ndege tumbo juu kati yetu na kunigusisha kidole mahali pa kuanzia.

"Bawa la kushoto," akasema. "Kutoka ukingo wa mbele, unahesabu..."

Kidole kikasogea, kikasimama, kikarudi. Midomo ikawa inahesabu kitu ambacho hakikuja. Nilisikia redio ya jirani, taarifa ya habari ikaanza, ikafika kwenye michezo, na bado alikuwa anatafuta kwenye ile rangi yangu nyororo. Akamtazama mkewe. Kisha akanigeukia mimi, na kwa heshima, namna fundi anavyomuuliza fundi mwenzake kazini, akasema:

"Wewe uliziona, si ndiyo? Uliziziba moja moja. Zilikuwa zinapita wapi?"

Mshtuko huu ulizidi ule wa kwanza. Mtu wa mwisho duniani kuziona ribiti zile nilikuwa mimi. Nilikuwa nazo chini ya miwani siku nne, na niliziona uchafu. Nikatafuta kichwani, nikakuta puti, nikakuta kijiti cha meno, nikakuta mwenye Noah ananitukana. Kwamba safu ilipinda nilikumbuka. Ilipopindia, na zilikuwa ngapi, sikuwa na habari.

Nilipaswa kusema sijui. Mama Otilia alikuwa ananiangalia, machozi yanamtoka. Nikaikandamiza sindano kwenye bawa.

"Hapa, mzee," nikasema. "Zinakwenda kumi na moja, halafu zinapinda kurudi nyuma."

Akainama akakitazama kile kitundu. Uso wake ukafunguka wote.

"Ndiyo," akasema. "Kumi na moja. Hapo hapo. Nakumbuka bati lilivyokuwa la moto siku ile."

Namba ile nilikuwa nimeitunga papo hapo. Nikatoboa ya pili.