Golikipa wa Getanuwas

Kabla ya kuzaa, Odilia alikuwa senta wa netiboli, na kijiji kizima cha Getanuwas kilijua hivyo, hata wale wasiojua senta ni nini. Aliudaka mpira hewani, na kabla watu hawajajua ameutupa wapi, mfungaji alikuwa ameshaushika. Kwa hiyo mtoto wake Kasian alipotimiza miezi minne, Odilia alijifunga kanga kiunoni akaenda uwanjani bila kumuuliza mtu.

Huko mambo hayakumwendea vizuri. Nafasi yake alishapewa Fabiola, msichana mwembamba kama fito, anayekimbia kama aliyefukuzwa na nyuki. Odilia alijitahidi kumfuata. Mara akasimama, mikono magotini, pumzi imemkatika.

"Trekta limeishiwa dizeli!" msichana mmoja alipiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko.

Mwalimu Verdiana, aliyeletwa kufundisha kutoka Bukoba na ndiye msimamizi wa timu, akamsogelea. "Mama Kasian, Saba Saba tunacheza na timu ya kijiji cha Balangdalalu. Njoo basi utusaidie kushika makoti."

"Mwalimu, mimi sikuzaliwa kushika makoti ya watu."

Alirudi nyumbani na hasira zake. Mama mkwe wake, Ludovika, alikuwa mlangoni, Kasian analia mgongoni. Odilia akanyoosha mikono amchukue. Ludovika akarudi nyuma.

"Umekimbia?"

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo! Unatoka moshi kama chungu. Maziwa ya mwanamke aliyekimbia ni moto, yanamvuruga mtoto tumbo. Kaa chini upoe. Ya kwanza ukamue umwage, ndipo anyonye."

Odilia akakaa. Kubishana na Ludovika ni sawa na kumsukuma ng'ombe aliyelala. Mama huyu alizaa watoto wengi akawakuza wote, na ukimbishia jambo la malezi anakutajia majina yao mmoja mmoja mpaka unyamaze.

"Kwa hiyo mpira basi?"

"Nani kakataza mpira? Mimi nimekataza moto."

Akiwa amekaa pale anapoa, Odilia aliyageuza maneno yale kichwani. Kwenye netiboli senta anakimbia uwanja karibu wote. Golikipa haendi mbali na duara lake. Golikipa akitulia, wakati wa mapumziko anaweza kunyonyesha.

Kesho yake akamwambia Mwalimu Verdiana, "Nipe ukipa."

Wasichana wakacheka tena. Pale kwao golikipa alikuwa yule aliyebaki baada ya wote kuchaguliwa. Mwalimu naye alikunja uso, lakini hakuwa na mwingine wa maana.

"Saba Saba tu. Balangdalalu wakitufunga kama mwaka jana, unarudi kwenye makoti."

"Sawa."

Wiki zile za mazoezi Odilia aligundua kitu. Alikuwa ametoa pasi miaka yote hiyo, kwa hiyo akimwangalia mtu mabega alijua mpira utakwenda wapi kabla haujarushwa. Hakuhitaji kukimbia. Alitangulia kusimama pale mpira ulipokuwa unakuja. Na kwa mwili ule wa mzazi aliyelishwa vizuri, mchezaji aliyemvamia alirudi nyuma mwenyewe, tena filimbi ikapigwa dhidi ya huyo mvamizi.

Siku ya Saba Saba uwanja wa Katesh ulijaa. Upepo wa mlimani ulikuwa unachapa, hotuba zilikuwa ndefu, na Balangdalalu walikuja na mfungaji wao Fransiska, mrefu, mdomo haufungi.

"We mama, mtoto umemwacha na nani?"

"Na bibi yake," Odilia akajibu, akanyakua pasi iliyokuwa ya Fransiska. "Na wewe mpira umemwachia nani?"

Wakati wa mapumziko Ludovika aliingia uwanjani na Kasian bila kumwomba refa ruhusa. Mbele ya watu wote akaweka kiganja kwenye kifua cha mkwewe, kama mtu anayepima uji.

"Vuguvugu. Mnyonyeshe."

Vijana waliokuwa kando wakacheka. Ludovika akawageukia. "Mnacheka nini? Ninyi mlinyonya mawe?"

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu. Dakika za mwisho Getanuwas walikuwa wanaongoza kwa goli moja, na mpira ulikuwa kwa Balangdalalu. Fransiska akatoroka kuelekea kona, na pasi ikarushwa juu, mbali, upande ambao Odilia hakuwepo. Kusimama kusingesaidia. Alimwona Ludovika kando ya mstari, na mtoto mikononi.

Akakimbia. Alikimbia kwa nguvu zote alizokuwa nazo kabla ya kuzaa na zile alizopata baadaye, akaruka mbele ya vidole vya Fransiska, akaudaka, akatua mguu wake ukiwa ndani ya mstari kwa shida. "Fabiola!" Mpira ukaenda. Fabiola akaupokea, akaupeleka mbele, na refa akapiga filimbi ya mwisho.

Watu wakavamia uwanja. Odilia akapita katikati yao, jasho linamtiririka, mpaka kwa mama mkwe wake.

"Mama, hapa nimekimbia."

"Hata kipofu angeona. Kaa chini."

Akakaa kwenye nyasi, akakamua, akasubiri. Kasian analia, lori lililoleta timu linapiga honi, dereva anagomba kwamba giza litawakuta njiani.

"Mwambieni anyamaze," Ludovika akasema. "Mwenye njaa ni huyu, na anasubiri."

Mwalimu Verdiana akaja akachuchumaa. "Mwezi ujao tunakwenda Mbulu. Fabiola anasema yuko tayari kukurudishia senta."

"Abaki nayo. Miguu anayo, kichwa bado. Nitakuwa nampigia kelele kutoka nyuma." Odilia akampokea mtoto, akamweka kifuani. "Wewe tuwekee nafasi kwenye lori. Mimi, mtoto na Mama."

"Mimi nakaa mbele na dereva," Ludovika akasema.