Picha za Kichwa cha Kaka

Ule mstari wa buluu ulitambaa kwenye skrini yangu, ukasita, ukatambaa tena kidogo, kisha ukafutika wote na kurudi mwanzo. Nyuma yangu daktari alisonya.

"Mtandao umekata tena?"

"Umekata."

"Profesa, huyu mtu hana siku nzima."

Huyo mtu alikuwa kaka yangu mkubwa. Asubuhi ile alianguka kutoka paani akipigilia bati lililolegea, na sasa alikuwa amelazwa chumba cha pili, akikoroma mkoromo usio wa usingizi. Mashine yetu ilikuwa imempiga picha za kichwa, kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Damu ilikuwa inavujia ndani. Daktari wetu alikuwa na mikono mizuri, lakini fuvu hangelifungua mpaka bingwa amwambie atoboe wapi, na bingwa alikuwa mji mwingine, mwendo wa kutwa kwa gari. Kaka asingefika. Ilibidi picha ndizo zisafiri.

Kuzisafirisha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali. Jina la Profesa alinibandika kaka mwenyewe, miaka ile nilipokuwa nikitoka kibaruani kwenda shule ya jioni, mtu mzima na mvi zangu, nikikaa dawati moja na vijana wa rika la wanangu. "Mpisheni Profesa," alikuwa akisema nikipita mlangoni kwake, "msimgonge, elimu itamwagika." Nilicheka kicheko cha meno. Moyoni nilijiambia iko siku atanihitaji. Sikuwazia iwe hivi.

Nilituma tena. Nilikaa, nikasimama, nikapangusa miwani isiyo na vumbi. Mtandao wetu ulikuwa mwembamba siku zote, lakini si kiasi kile. Nikatazama kisanduku chake ukutani. Vitaa vilikuwa vikipepesa kama vimepandwa na wazimu. Kuna watu walikuwa wanapitisha mizigo humo.

Nilipotokea ukumbini ndipo nilipoelewa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba picha za kaka hazitoki. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa amewabembeleza wauguzi wakamruhusu kuzipiga kwa simu kwenye skrini yao, kisha akawagawia ndugu waliojaa mabenchi. Sasa kila mmoja alikuwa akimtumia daktari anayemfahamu, au anayefahamiana na mtu anayemfahamu. Mhasibu alikuwa amemwachia shangazi kompyuta ya ofisi. Mfagizi naye alikuwa dirishani, kainua simu juu kama anayetafuta mbalamwezi mchana. Wote walipita njia ile ile moja, ambayo neno lake la siri hospitali nzima ililijua. Kila mwenye huruma alikuwa amemkaba kaka koo.

"Acheni kusaidia!" nilipaza sauti.

Shemeji akainuka taratibu.

"Umesemaje?"

"Zimeni simu, shemeji. Njia ni moja na mmeijaza. Zangu hazipiti."

"Zako! Tangu asubuhi umejifungia humo na hizo zako, zimefika wapi? Mume wangu nimtegemeze kwa mtu mmoja?"

"Na fundi mwenyewe anatokwa jasho hivyo," shangazi aliguna, macho kwenye kompyuta ya mhasibu.

Ningeanza kuwaeleza, tungefika jioni. Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikabadilisha neno la siri. Ikabaki kebo moja tu, ya kompyuta yangu. Nikausikia ukumbi ukilipuka. Kisha mlango ukapigwa kwa kiganja, tena na tena, na nilijua ni kiganja cha nani.

Bingwa alikuwa kwenye simu ya daktari. "Nitumieni zote zikiwa ndogo," alisema, "hata zikiwa na ukungu. Nitawaambia zipi nizione kwa ukubwa wake."

Nikazipunguza. Ilikuwa kama kumchonga ndugu yangu kwa kisu butu. Kila nilipopunguza, mistari ya kichwa chake ilififia. Zikaenda. Bingwa akachagua chache. Hizo kubwa nikazikatakata vipande vidogo vidogo, ili njia ikikatika nipoteze kipande, nisipoteze safari nzima. Ikakatika. Nikarudia kipande. Ikakatika tena. Kule mlangoni kiganja kilikuwa kimeacha kupiga.

Jibu lilikuja mstari mmoja: *Kushoto, juu ya sikio. Msingoje.* Maneno mepesi kiasi kwamba yangepita hata katikati ya ile foleni yote.

Daktari alitoka mbio. Nilipofungua mlango nilimkuta shemeji kasimama palepale, simu kaizima mkononi.

"Zimefika?"

"Zimefika."

Alinipita, akaenda kukaa sakafuni nje ya chumba cha upasuaji.

Kaka alinusurika. Maneno yake sasa huja moja moja, na kati ya neno na neno unaweza kumaliza nusu kikombe cha chai. Watu wa nyumbani humsaidia: wanabahatisha, wanammalizia, naye huishia kutikisa kichwa na kutazama ukutani. Mimi mwenyewe, nisiyejua kutulia kitini, hilo linanipa shida.

Wiki iliyopita tulikuwa watatu sebuleni. Kaka akaniangalia, akaanza kuniambia jambo. Neno la kwanza likaja. La pili likakawia. Nikamwona shemeji anafungua mdomo, nikamgusa mkono.

Akaufunga mdomo. Tukangoja.