Kikaratasi cha Mfukoni mwa Munyoki

Mimi siingizi nguo karaini kabla sijapekua mifuko. Mume wangu Munyoki alikuwa akiongoza ndege mnarani, na kila ndege aliyozungumza nayo aliiandikia kikaratasi kigumu, chembamba. Vingine vilirudi naye nyumbani Jericho mfukoni, nami upande wa nyuma nikaandika vitu vya kununua. Karatasi nzuri hivyo itupwe ya nini?

Sikukuu ya Jamhuri ya mwaka sabini na tisa, anga ya Nairobi ilifungwa asubuhi nzima kupisha ndege za jeshi. Tulikuwa nje tukizingoja, shingo zinauma. Mara kikapita kindege kimoja, peke yake, chini chini. Watoto wakashangilia, na mimi nikapiga vigelegele kama mjinga. Baadaye tukasikia alikuwa rubani Gichuru wa Makadara, amembeba mama mjamzito kutoka Kitui anayevuja damu. Mama alipona, na mtoto pia.

Jioni Munyoki akavua shati. "Lifue kesho, Mama Nzuki." Shati lenyewe safi! Nikalipokea hivyo hivyo.

Jumamosi akaja Teresiah, mke wa Gichuru, analia. Mumewe amenyang'anywa leseni, na Jumatatu atahojiwa na wakubwa. Wanasema aliingia anga iliyofungwa bila kuongea na mtu.

"Gichuru anaapa aliita mnara akajibiwa," akasema. "Baba Nzuki, wewe ulikuwa zamu. Hukumsikia?"

Munyoki akakoroga chai. Sukari ilikuwa imeyeyuka kitambo. "Siku ile kulikuwa na kelele nyingi," akasema.

Teresiah alipotoka nikafunga mlango. "Haya, sema."

"Rubani akitangaza dharura ana haki ya kupewa njia, hata anga ikiwa imefungwa. Nilimpa. Lakini mkubwa wangu alikuwa ameshasema asipite mtu, na sasa anataka niandike kwamba sikumsikia. Nikikataa, kazi imekwisha."

"Na kikaratasi chake?"

"Kilikuwa kwenye shati." Akashusha pumzi. "Ulishafua."

Ala! Hapo nikaelewa. Kukichana kwa mkono wake kulimshinda, akataka sabuni yangu imsaidie. Nilikasirika, na bado nilimhurumia, maana kazi ile ndiyo iliyotulisha.

Nikajitanda leso, mbio Soko la Burma. Johnson muuza nyama hutunga karatasi za wateja kwenye msumari ukutani.

"Johnson, nipe karatasi yangu ya Alhamisi."

"Mama Nzuki, usiniambie unarudisha matumbo!" Akacheka, akazichomoa moja moja. Ikapatikana, ina mafuta na tundu katikati.

Nikaiweka mezani mbele ya Munyoki. Sikusema neno, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Akaigeuza, akaukuta mwandiko wake wa siku ya Jamhuri.

"Lipige pasi lile shati," akasema.

Jumatatu, kwenye mahojiano, nilikaa nyuma kabisa na Teresiah. Mwenyekiti akasoma kikaratasi kwa sauti: dharura, ameruhusiwa, saa tano na dakika nne. Gichuru, kofia magotini, akainua uso. Mkubwa wa Munyoki akamkazia mume wangu macho.

Mwenyekiti akageuza kikaratasi. "Matumbo kilo mbili, dania, chumvi. Huu ni mwandiko wa nani?"

Munyoki akasimama. Alijua mnarani hatarudi tena.

"Wa nyuma ni wa mke wangu, mheshimiwa," akasema. "Wa mbele ni wangu."