Vitu vya Bwana Milango

Picha ya marehemu mama mkwe ndiyo iliyotoweka kwanza. Mama Vifungo aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani anyooshe shingo, akaona ukutani umebaki msumari mtupu. Alipomuuliza mumewe, akajibiwa kwamba kioo kimepasuka, picha iko kwa fundi. Sawa. Siku ya tatu ikatoweka bahasha ya vyeti vya shule. Na vyeti navyo vimepasuka kioo? Hakuuliza tena. Machale yalishamcheza.

Ngoja nikueleze mtaa wao, la sivyo utamwona mwanamke huyu ana wazimu. Uko bondeni, chini kabisa ya bwawa la umeme, na asubuhi jua huchelewa kuwafikia kwa sababu ya ule ukuta. Juu ya ukuta kuna king'ora cha kuonya watu kabla maji hayajafunguliwa. Mwaka wa mafuriko king'ora hakikulia. Maji yaliingia madirishani mchana kweupe, na watu walipofika mlimani roho mkononi, waliwakuta wake wa wafanyakazi wa bwawa wametangulia, wamekalia magodoro yao, wanakunywa chai. Chai, jamani!

Tangu siku hiyo mtaa hausikilizi king'ora wala tangazo. Unachungulia nyumba za wafanyakazi. Mke wa fundi mitambo akianika godoro tu, watu watatu watapita kumsalimia, macho yote kwenye godoro. Mume wa Mama Vifungo aliajiriwa miaka miwili baadaye, kazi yake kufungua na kufunga ile milango mikubwa ya kumwagia maji, ndiyo maana akaitwa Bwana Milango. Siku hiyo hiyo mkewe alisimama kibarazani kwa kinyozi, akaapa mbele ya watu, "Siku nitakayojua mimi, na nyinyi mtajua." Kiapo hicho sasa kilimdai.

Maana mvua ilikuwa imeingia wiki ya pili bila kupumzika, mto umekuwa rangi ya matope, na vitu vilizidi kuondoka. Redio ikaondoka. Ikaondoka saa ya ukutani. Kila asubuhi mkoba wa kazini ulitoka umetuna, jioni ukarudi umenywea.

"Bwawa likoje?" alimuuliza mezani.

"Zima kabisa."

"Mbona huniangalii?"

"Nimechoka, mke wangu. Zamu zimekuwa ndefu."

Mdogo wake, alipopigiwa simu, hakuzunguka. "Dada, hapo kuna mwanamke."

Mama Vifungo alicheka. "Mwanamume anayekwenda kwa mwanamke hubeba mashati mazuri na marashi. Huyu mashati yake yote yako kabatini. Amebeba picha ya mama yake na vyeti! Huyo anakimbia maji." Na ukimpima kwa haki, hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa.

Kilichomkata maini ni jambo jingine. Ina maana mume anaokoa redio, na mke anamwacha chini?

Kesho yake alipanda mlimani kwa wifi yake, dada wa mumewe, bila kupiga hodi ya simu. Wifi alifungua mlango nusu, akausimamia.

"Wifi! Ungesema unakuja, ningepika."

"Nimepita tu. Sikaribishwi?"

Wifi akaanza kueleza habari za sakafu mbichi. Lakini juu ya bega lake Mama Vifungo aliiona ile saa, inatembea, na chini yake mama mkwe ndani ya kioo kizima kisicho na hata mkwaruzo.

"Kuna nini, wifi? Sema."

Machozi yakamlengalenga wifi. "Mimi usinitie katikati. Muulize mwenyewe." Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Basi! Mama Vifungo alishuka mlima kwa kukimbia, kandambili mkononi. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, kwa sababu kinyozi alikuwa na mama yake aliyepooza miguu, na mtu wa namna hiyo huanza kubebwa mapema.

"Mbebe mama," alisema. "Mume wangu amehamisha vitu vyake mlimani. Kimyakimya."

Kinyozi aliacha kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja. Haikupita saa, mtaa mzima ulikuwa barabarani na magodoro kichwani, masufuria, kuku miguu juu, na yule mteja na nusu ya nywele zake. Barabara ya mlimani hupita mbele ya geti la bwawa, na zamu ya asubuhi ndiyo kwanza ilikuwa inatoka. Bwana Milango alitokeza na mkoba wake. Watu wakamzingira.

"Ukuta umepasuka wapi?"

"Mnataka kutuua mara ya pili?"

Mkubwa wa bwawa alitoka mbio, akaapa kwamba maji yako chini ya alama ya hatari kwa mita nzima. Nani amwamini? Hata mkubwa wa mwaka wa mafuriko aliapa. Kisha akamgeukia Bwana Milango kwa hasira. "Wanasema wewe ndiye uliyehamisha vitu. Waeleze kwa nini, sasa hivi, au kesho usikanyage hapa."

Bwana Milango aliangalia watu, akaangalia mkoba. Mkewe akasonga mbele. Kusema kweli alikuwa na fahari, maana ameshika kiapo chake.

"Sema, baba," alimwambia kwa upole. "Watu wana wazee wao hapa. Usiogope."

"Bwawa halina neno," alisema Bwana Milango. "Naapa kwa mama yangu. Ninayeondoka ni mimi." Akaukumbatia mkoba. "Nahama nyumbani. Nimemwacha mke wangu. Nilitaka kumwambia mvua zikiisha."

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kumbe hilo tu!" na pale pale vigelegele vikapasuka. Watu walikumbatiana. Waliotua magodoro chini wakayarukia kama watoto. Mteja wa kinyozi alishika kichwa chake akacheka mpaka akakaa chini. Wengine walipita wakimpiga Mama Vifungo bega, "Ahsante, dada, umetutoa roho bure!" na mikono yao ilikuwa ya furaha, haikuwa na ubaya wowote. Mumewe alikuwa ameshageuka kuelekea mlimani.

Mama yake kinyozi alikuwa amelazwa kwenye godoro kando ya barabara, masikio yake mazito, anatazama huku na huku. Alimshika Mama Vifungo upindo wa kanga akamvuta chini.

"Mwanangu, mbona wanashangilia? Mumeo amesema nini?"

Mama Vifungo aliinama mpaka sikioni, akalazimika kusema kwa sauti ya juu ili asikike.

"Amesema tuko salama, mama."