Masomo ya Bure ya Mzee Hayashida

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa chuo, katikati ya baiskeli zinazouzwa na vyumba vinavyopangishwa. Mzee wa Kijapani alijitolea kumfundisha mwanafunzi yeyote kusoma Kijapani bila malipo, mradi mwanafunzi huyo amfundishe Kiswahili.

Adelina alilisoma, akaondoka, akarudi kulisoma tena. Mwaka uliofuata alitakiwa kwenda Nagoya kumalizia masomo yake ya uhandisi wa maji. Kuamkia na kuomba chai kwa Kijapani aliweza, ila maandishi yalikuwa yamemshinda, na mwalimu wa kulipwa hakummudu. Hata hivyo alijiuliza, nani hapa Brussels, mwaka huu wa 2009, ana shida ya Kiswahili kiasi hicho?

"Muntu hafundishake bure," alisema Maman Émérance jioni ile, akisonga bukari, ugali wa kwao. Alikuwa mjane wa Lubumbashi aliyempangisha Adelina chumba nyumbani kwake Evere, na kodi au si kodi, alimlea kama bintiye. "Bon. Ule muzee eko na bibi? Eko na batoto?"

"Sijui, Maman."

"Alors, uulize. Na mukutane fasi iko batu."

Kwa hiyo wakawa wanakutana Jumamosi kwenye maktaba moja ya Uccle, mezani karibu na dirisha, mahali ambapo kila mpita njia angewaona. Mzee Hayashida alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alifundisha vizuri, hilo Adelina hakulikana. Alama ngumu aliivunja vipande: huyu ni mtu, kando yake mti, mtu ameegemea mti, basi maana yake kupumzika. Kabla baridi haijaisha Adelina alikuwa akisoma maandishi kwenye pakiti za tambi dukani, na alifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kilichomtia wasiwasi ni zamu yake yeye ya kufundisha. Mzee hakutaka salamu wala majina ya vyakula. Alitaka sentensi zake mwenyewe, alizokuja nazo kichwani kwa Kiingereza. Nilirudishwa kwetu. Sikukutupa. Mama yako alikuwa mtu mwema.

"Utamwambia nani maneno haya, Mzee?"

"Ni mazoezi tu."

Kisha yakaja maswali. Adelina anaishi na nani? Mwenye nyumba anatoka Kongo? Katanga? Anasali kanisa gani, na kina mama wa pale hukutana lini? Adelina alidanganya kwamba mwenye nyumba wake ni Mbelgiji asiyesali popote. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa basi tofauti, akigeuka nyuma kila kituo.

Jumamosi moja mtoto mdogo wa kike alipanda kiti kilichokuwa kando ya meza yao, kikayumba. Mzee Hayashida alimdaka mkono.

"Mutoto, utaanguka," alisema.

Adelina aliweka penseli chini. Yeye alimfundisha mzee kusema mtoto. Neno mutoto alilisikia kwa watu wa Maman Émérance tu.

"Neno hilo umelitoa wapi?"

"Kwako."

"Mimi sisemi hivyo, Mzee."

Mzee alikusanya vitu vyake, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla ya muda wao.

Adelina alifikiria kwenda polisi, lakini angewaambia nini? Kwamba mzee kasema mutoto? Akamweleza Maman Émérance yote, pamoja na yale maswali ya kanisa ambayo alikuwa amemficha. Maman alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Anajua Kiswahili ya kwetu," alisema. "Anajifanya hajue. Samedi tunaenda sisi wawili."

Jumamosi iliyofuata, kule maktabani, Maman aliketi mbele ya mzee bila kuvua koti. "Bonjour, papa. Mi minatoka Lubumbashi. Sema. Unatafuta nani?"

Mzee Hayashida alimtazama Adelina, akaelewa kwamba yule Mbelgiji hakuwahi kuwapo. Akainamisha kichwa, na alipofungua kinywa kilitoka Kiswahili cha Katanga, kilichochakaa, chenye mapengo, lakini cha mtu aliyewahi kukiishi. Miaka ya sabini alifanya kazi kwenye mgodi kule. Alikaa na mwanamke, Victorine, wakapata mtoto wa kike. Mkataba ulipoisha yeye na wenzake wa mgodini wakarudishwa Japani, na huko Japani alikuwa na mke.

"Nilisema nitarudia kule," alisema. "Sikurudia."

Mkewe alipofariki akaanza kutafuta. Aliambiwa Victorine naye amekufa, na kwamba binti yuko Brussels, anasali na watu wa Katanga. Jina lake Marie-Jeanne.

Maman Émérance hakubadilika uso. Marie-Jeanne alimjua vizuri sana. Ndiye aliyeshona sare za kwaya yao, na Maman alikumbuka jinsi watoto wa Lubumbashi walivyokuwa wakimzomea kwa ajili ya macho yake.

"Kama minamujua ao simujue, sitakuambia," alisema. "Nitauliza yeye kwanza."

Ndani ya basi Adelina aliuliza, "Na kama anadanganya?"

"Ndiyo maana sikumupa adresse."

Marie-Jeanne alikubali kuja maktabani, kwa sharti kwamba Maman na Adelina wawepo. Hakumpa mzee mkono. Aliketi, akamsogezea karatasi tupu.

"Baba aliniachia jina ya kwao. Mama aliniambia. Weye usiseme. Andika."

Mzee aliandika alama mbili, polepole. Marie-Jeanne aliivuta karatasi kabla mzee hajaweka kalamu chini, akampa Adelina.

"Soma weye. Yeye simuamini."

Adelina aliikagua karatasi. Majina ya Kijapani husomeka kwa namna nyingi, na kosa lake lingeweza kumfukuza baba wa mtu. "Hii ni asubuhi," alisema. "Na hii ni mtoto. Nadhani inasomwa Asako."

Marie-Jeanne alifumba macho; ndilo jina aliloambiwa na mama yake. Alipoyafumbua hayakuwa yamelainika.

"Mama alisema nilizaliwa mchana. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mchana, ndiyo," alisema mzee. "Nilikuwa chini, mu mine. Nilikuona kesho yake asubuhi."

"Hata barafiki yako ba kule bangejua hii yote. Donc tutapima damu."

"Tupime," alijibu mzee, haraka kuliko walivyotegemea.

Vipimo vilionyesha ni babaye. Marie-Jeanne akaanza kuonana naye Jumapili moja moja, kwenye mkahawa, baada ya ibada. Nyumbani kwake hakumpeleka, na wanawe aliwaambia ni mtu anayefahamiana naye tu. Mzee alipokea hicho alichopewa.

Adelina aliendelea na masomo, maana Nagoya ilikuwa inakaribia. Siku moja alimuuliza kwa nini hakumwambia ukweli tangu mwanzo.

"Ungekuja?"

"Labda ningekuja."

"Labda," alisema mzee, akafungua kitabu.

Tangu wakati huo kila alama aliyofundishwa Adelina aliitafuta tena kwenye kamusi akifika nyumbani. Hakukuta hata moja iliyokosewa, na hakuacha kuzitafuta.