Chanya Kwenye Bodi

Gari lilichemsha mara ya tatu kabla hata ya saa tatu asubuhi, tena mbele ya kituo cha mafuta, watu wakiwa wamejaa. Bwana Harusi akaruka nje na kitambaa mkononi, akafungua boneti, mvuke ukamfukiza usoni. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu kila Jumamosi yuko na bibi harusi ndani ya gari, ilhali mwenyewe ana mke mmoja tu, na huyo mmoja anamtosha na kumzidi.

Simu ikalia. Ni huyo huyo mmoja.

"Umefika?"

"Niko njiani."

"Njiani wapi? Mbona nasikia watu wanacheka?"

Walikuwa wanacheka kweli. Kuna aliyemshauri aliuze kwa kilo.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Kesho yake saa nne alitakiwa kumbeba binti wa mwenye duka la vitambaa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya ukaguzi wa magari yaliyovuka miaka arobaini. Lisilo na stika kufikia saa kumi jioni lisionekane barabarani. Likionekana linavutwa, na magari yaliyovutwa hakuna aliyewahi kuyaona yakirudi. Hili lilikuwa la marehemu baba yake: jeusi, pua ndefu, taa za mviringo, viti vya ngozi alivyovishona Bwana Harusi mwenyewe kwa sindano ya magunia. Lilikuwa limelisha nyumba yake miaka kumi na tisa. Hakuwa na kazi nyingine, wala ndoto ya kazi nyingine.

Akamwaga maji, akasubiri, akawasha, akalikokota hadi kwa Shangazi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi umeme wa magari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya, na kibanda chake cha mabati kiliegemea ukuta wa ghala la sabuni. Hakumsalimia mtu kabla ya kulisikiliza gari lake. Alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Feni hii kakuwekea nani?"

"Fundi wa kule barabara kuu. Alisema ile ya zamani imechoka."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Na tangu hapo nimebadilisha thamostati, nimezibua rejeta, nimebadilisha mipira yote ya maji. Feni yenyewe inazunguka, Shangazi, tena kwa nguvu. Feni haina shida."

"Haina shida," Shangazi alimwitikia, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akachana ukurasa wa gazeti, akauweka mbele ya rejeta, akauachia. Ukurasa ulitakiwa unaswe pale pale. Badala yake uliruka, ukampiga Bwana Harusi kifuani.

"Umeona? Inazunguka kinyumenyume. Ukienda, upepo unaingia kwa mbele, feni yako inautoa. Wanagombana hapo katikati, na injini inaiva."

Bwana Harusi aliona haya. Mwezi mzima amelaumu maji, rejeta, na hata jua.

"Magari ya siku hizi," Shangazi alisema huku akifungua waya mbili za feni, "hasi ya betri ndiyo inafungwa kwenye bodi, kwenye bati lenyewe la gari. Hili lako lilizaliwa tofauti. Chanya ndiyo iko kwenye bodi. Yule bwana kafunga kwa mazoea tu. Mazoea yana taabu." Akazibadilishia nafasi zile waya, akauokota ukurasa. Safari hii ulinasa kwenye rejeta, ukatulia. "Sasa nisikilize. Asitokee mtu akakugeuzia betri. Ukigeuza, dainamo ikianza tu kuchaji, hiki kisanduku kinaungua." Aligonga kwa kidole kisanduku cheusi cha kudhibiti chaji, ubavuni mwa injini. "Na hiki hakiuzwi tena. Kikifa hiki, usiniletee gari. Niletee maua."

Akafunga kibanda, akapanda gari. Alitaka kuona kazi yake ikipasi.

Foleni ya ukaguzi ilianzia nje ya uzio. Getini mlinzi alimteremsha Shangazi: mafundi hawaingii. Kwenye kidirisha, karani aliitazama kadi ya gari, akataka kopi mbili za kila upande. Mashine ya kopi ilikuwa nje, kwa dada yake huyo karani, na bei ilikuwa imepanda tangu asubuhi. Bwana Harusi alikimbia, akarudi, akaambiwa kopi haina giza la kutosha, akakimbia tena. Saa sita, saa saba, saa nane. Foleni ilisogea gari moja moja. Hakuweza kukaa. Alishuka, akapanda, akagusa boneti, akatazama mshale wa joto. Mshale ulikuwa katikati, umetulia, na hilo peke yake lilikuwa faraja yake ya siku nzima.

Saa tisa na nusu mkaguzi akafika kwake, shati limenyooka, fomu kwenye kibao. Akajaribu taa, honi, breki. Akaacha injini ingurume dakika kumi, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainama juu ya betri.

"Hii imefungwa kinyume."

"Hapana, mkubwa. Hili ndivyo lilivyotoka kiwandani. Chanya kwenye bodi."

"Fomu inasema hasi kwenye bodi. Namba kumi na nne."

"Fomu hiyo ni ya magari mapya, mkubwa."

"Fomu hii ni ya magari."

"Fundi wangu yuko pale nje ya uzio. Mruhusu aingie akueleze, dakika mbili tu."

"Mafundi hawaingii. Wanaleta ubishi."

"Nikigeuza betri litaungua, wallahi."

Mkaguzi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa gari linaloungua unaliombea stika ya nini?"

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini hawakusema umpishe uende wapi.

"Geuza, nikupitishe," mkaguzi alisema. "Au nikuandikie kasoro kubwa, ulipaki hapa hapa. Saa kumi tunafunga."

Alisimama na spana namba kumi mkononi. Akilini alimwona bibi harusi wa kesho akisubiri mlangoni na maua yake. Akaona sufuria tupu nyumbani. Kisha akapiga hesabu yake: dainamo haichaji mpaka injini izunguke kwa kasi. Akitoka polepole, bila kukanyaga mafuta, atafika nje, atageuza tena, na dunia itaendelea. Ncha moja ya betri ilikuwa imekaza, akaigonga kwa kitako cha spana. Akazifungua zote mbili, akageuza betri, akakaza.

Gari likawaka. Mkaguzi akaweka tiki, akabandika stika kwenye kioo, akapiga muhuri kwenye hati. Hata akampa mkono. "Umeona? Ni jambo dogo tu."

Bwana Harusi akatia gia ya kwanza, akaliacha litambae lenyewe. Nje ya uzio Shangazi alitembea sambamba naye, uso umejaa wasiwasi. Zilibaki hatua kumi. Pale getini palikuwa na tuta.

Magurudumu ya mbele yaligusa tuta, injini ikakohoa, ikataka kuzima. Mguu wake ukagusa mafuta. Kidogo tu, kama mtu anayegusa chai kuona kama ni ya moto. Gari likapanda. Papo hapo ikaja harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi, kisha kimya.

Akakimbia kuchomoa betri. Shangazi alifika akihema, akatazama kile kisanduku kilivyoyeyuka, akavua miwani. Hakumgombeza. Ndipo Bwana Harusi akajua kwamba kimekwisha.

Gari lilikuwa nusu ndani, nusu nje, na geti lilikuwa moja. Nyuma yake honi zikaanza. Saa kumi ikapita. Mkaguzi akaja mbio, funguo za gari lake mkononi, begi begani.

"Wewe! Ondoa hilo gari lako. Watu tunataka kwenda nyumbani."

Bwana Harusi akamkabidhi ile hati.

"Nisomee hapo, mkubwa."

"Sina muda wa—"

"Mstari mmoja tu."

Mkaguzi akasoma kwa hasira: "Gari hili ni zima na linafaa kutumika barabarani."

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

Bwana Harusi akafungua mlango wa dereva, akaushikilia wazi kwa adabu, kama anavyowashikia mabibi harusi.

"Basi karibu," alisema. "Liendeshe."